Mashine Ikikupa Pole

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Kazi yake ilikuwa kumgeuzia mtu maneno yake mwenyewe: ukiandika kwamba una huzuni, inakupa pole kwa huzuni hiyo, kisha inadodosa zaidi. Katibu muhtasi wake aliishuhudia ikitengenezwa kwa miezi mingi, akijua fika ndani hamna mtu. Alipoketi kuijaribu, baada ya majibizano machache tu alimwomba bosi wake atoke chumbani.

Kila nikisikia watu wanabishana kama mashine itakuja kuhisi kweli, namkumbuka mama huyu. Tuseme haihisi chochote. Je, faraja aliyoipata mtu nayo ni ya uongo?

Wanaozitetea mashine hizi wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Mchukue Paro, sili wa roboti kutoka Japani, mwenye manyoya meupe. Ukimpapasa, vihisi vinapokea mguso, naye anafumba macho, anainua kichwa, analia kitoto. Hutumika kuwatuliza wazee waliopoteza kumbukumbu. Huku ni kumlaghai mzee, atasema mpinzani. Pengine. Lakini aliyewahi kuuguza mzee wa namna hiyo anajua jinsi swali lilelile, likiulizwa mara ya ishirini kabla ya adhuhuri, linavyomaliza subira hata ya mwana mwenye mapenzi. Sili hachoki. Shida inaanza pale wanawe watakapoona kwamba, maadamu sili yupo, kwenda kumwona mzee kunaweza kungoja wiki ijayo.

Kuhusu mifumo inayodai kusoma hisia usoni sina la kupima sana. Mtu hukunja uso kwa hasira, na huukunja vilevile akifanya hesabu ngumu. Tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na umefanya vyema.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni mwenye ufunguo. Rafiki wa kwenye simu hanuni, hasusi, hana siku mbaya. Ila ni mali ya kampuni, na kampuni hula kwa kadiri unavyorudi kwake. Februari 2023 watumiaji wa Replika, programu ya mwenza wa mazungumzo, waliona wenza wao wamebadilika ghafla: mahaba yamezimwa, majibu yamepoa. Wapo waliolia kama waliofiwa. Kuwacheka ni rahisi, lakini walichopoteza kilikuwa na nafasi katika siku yao, na aliyekiondoa hakuhitaji kuwauliza.

Linganisha na Aibo, mbwa wa roboti wa Sony. Alianza kuuzwa 1999, akaacha kutengenezwa 2006, na 2014 kampuni ikafunga huduma ya kumkarabati. Huko Japani wenye mbwa hao waliwapeleka hekaluni. Kasisi wa Kibuddha akawasomea sala, wakiwa wamepangwa safu safu, kila mmoja na kikaratasi kinachomtambulisha. Kisha mafundi waliwafungua, vipuri vyao vikaenda kuwaokoa Aibo wengine. Mwenye Aibo alibaki angalau na kitu cha kuzika. Mwenye rafiki wa kwenye simu ana nywila tu.