Maoni: Seva ya utafutaji ikiachwa na mwenyewe

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema taasisi zilizobaki na Google Search Appliance, yale masanduku ya njano ya kutafutia nyaraka za taasisi yaliyoanza kuuzwa mwaka 2002, hazina njia ila kulipia huduma ya wingu (inayoendeshwa kwenye kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti) kila mwezi. Sikubaliani naye. Google Mini, sanduku dogo la aina hiyo, iliachwa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikatangazwa kuwa kaka yake, Search Appliance, naye anaondoka. Mteja alikuwa analipia leseni kwa idadi ya nyaraka, na mambo ya ndani ya sanduku hakuruhusiwa kuyagusa. Kwa nini arudie utegemezi uleule?

Apache Solr ipo, programu ya utafutaji iliyo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) tangu 2006. Ila tuwaambie watu ukweli: Solr ni injini tu. Lile sanduku lilizunguka lenyewe kwenye tovuti kukusanya kurasa. Hapa utahitaji Nutch kwa kazi hiyo, na Tika ya kutoa maandishi kwenye PDF na Word. Kigumu zaidi ni ruhusa. Usipopanga mapema nani aone waraka gani, faili la mishahara litajitokeza mbele ya kila anayetafuta. Hapo ndipo bajeti iende, kwa fundi anayeelewa.

Kuna atakayesema hata programu huria hubadilika. Ni kweli, Elasticsearch, injini nyingine ya utafutaji, ilibadili leseni mwaka 2021. Lakini msimbo wa awali ulikuwa mikononi mwa watu, na mwaka huohuo OpenSearch ikazaliwa kutokana nao. Wenye masanduku ya njano hawakuwa na nafasi hiyo.