Kazi Iachwe Aprili, Si Agosti

Jirani yangu wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, aliandika barua ya kuacha kazi mwezi wa Agosti, watalii wakiwa wamejaa. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka kumi na moja, na biashara yake ya kupeleka samaki kwenye mahoteli ya Nungwi na Kendwa ilikuwa imeshika kasi. Alikaa na daftari, akaona faida ya wiki moja inapita mshahara wa mwezi mzima, akaenda kuaga. Ilipofika Aprili, masika yanapiga mabati na hoteli zake mbili kubwa zimefunga kwa matengenezo, yeye yuko barazani anauliza nani anajua pahala wanapotafuta dereva.

Sisemi kwamba alikosea kuacha. Alikosea mwezi wa kufanyia hesabu.

Suala hili la kuacha ajira na kwenda kujitegemea limekuwa gumzo la kila baraza hapa Unguja, na kwa kawaida watu hugawika pande mbili. Kuna wanaoona ajira ya serikali ni utumwa wa hiari, na kuna wanaoona anayeiacha karogwa. Hao wa pili huchekwa kuwa ni waoga, lakini mimi naona hoja zao hazijasikilizwa vizuri.

Chukua suala la mtaji. Sehemu kubwa ya biashara ndogo ninazozijua mitaani kwetu zilianzishwa kwa mshahara. Friji ya juisi, vespa ya kupelekea mzigo, rafu za duka la nguo, vyote vilinunuliwa kwa mkopo wa benki unaokatwa juu kwa juu kabla mshahara haujafika mkononi. Benki haimkopeshi mwajiriwa kwa kumpenda, bali kwa sababu ina hakika ya kulipwa. Siku unayoacha kazi, hakika hiyo inaondoka, na afisa yule yule aliyekuwa akikukaribisha kiti sasa anakuuliza kama una nyumba yenye hati. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za urithi zenye warithi kumi na nne, hati iko kwa ami na ami yuko Oman. Kwa hiyo anayesema mshahara ni adui wa biashara hajatazama biashara yake imetoka wapi.

Halafu ipo miaka ya mtihani. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima kwa hitilafu kwenye njia ya waya unaotoka bara kupitia chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu, tena katikati ya msimu wa wageni. Mwenye barafu, mwenye saluni, mwenye mashine ya kusaga, kila mmoja aliwasha jenereta kama analo au akafunga mlango. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na wageni walioingia Zanzibar wakashuka kutoka 538,264 mwaka uliotangulia mpaka 260,644. Katika misukosuko yote miwili, mwalimu wa skuli aliendelea kupokea mshahara wake. Nani hapa hakukopa kwa ndugu yake aliyeajiriwa katika miezi ile?

Upande wa wanaotaka kuacha nao una la kusema, na hoja yake kali kuliko zote haihusu utajiri. Inahusu umri. Mtumishi wa umma Zanzibar anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Wengi wanaojisifu kwamba hawakuacha kazi, biashara waliifanya vile vile, ila waliifanya wakiwa na miaka 60, kwa kiinua mgongo, bila ya uzoefu, na bila ya muda wa kukosea mara ya pili. Nimeshuhudia kiinua mgongo cha miaka thelathini na tano kikigeuka gari ya abiria, gari ikauzwa kwa hasara ndani ya miezi kumi na minane. Kijana wa miaka 32 akipoteza milioni tano ana miaka mingi ya kuzirudisha. Mzee wa 61 akizipoteza, hana miaka hiyo, na hata pensheni jamii, ile posho ya serikali kwa wazee, anaisubiri mpaka afike 70, nayo ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo jema sana lile, lakini halilishi nyumba.

Na wateja wapo. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanataka sare za skuli, saruji, vitanda na chakula cha jioni. Nafasi za serikali haziwezi kuongezeka kwa mwendo huo, hata atake nani.

Barazani utasikia pia kwamba sehemu tisa kati ya kumi za rizki zimo katika biashara. Husomwa kama hadithi ya Mtume, ingawa wapo wanazuoni walioieleza kuwa ni dhaifu. Simkatazi mtu kufarijika nayo, ila asiiandikie barua ya kuacha kazi.

Sasa, Mzanzibari ana njia yake ya tatu, nayo ni kongwe: ofisini mpaka saa tisa na nusu, kisha dukani, shambani au pwani mpaka usiku. Wataalamu wa kuhamasisha watu husema huko ni kuweka miguu kwenye madau mawili. Mimi nasema ndivyo wazee wetu walivyotulipia skuli. Lakini njia hii ina aibu yake ambayo hatupendi kuitaja. Biashara ikikua, saa tisa na nusu inageuka saa saba, kisha saa tano. Koti linabaki kwenye kiti, mwenyewe yuko Darajani anapokea mzigo. Bibi aliyetoka Makunduchi kwa daladala kufuata cheti anaambiwa "katoka kidogo". Mshahara ule unalipwa kwa kodi ya bibi yule. Hapo suala si tena ujasiri wala uoga, ni amana, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzito zaidi ya kumtaka mtu aache kuliko ndoto yoyote ya kujitegemea.

Basi aache lini? Ukiwa na biashara inayotegemea wageni, pima Aprili na Mei. Kama miezi hiyo miwili imelipa kodi ya mlango, imemlipa kijana wako, na imekulisha wewe bila ya kugusa mshahara, andika barua. Kama mshahara ndio uliovusha, bado hujafika, hata Agosti ikikuletea magunia.

Kwa Pemba kipimo kinabadilika. Huko pesa hufuata karafuu, na mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno, Wete na Chake kila duka lina foleni. Mwaka usiozaa, daftari la madeni ndilo linalojaa. Mwenye duka Pemba asijipime kwa mwezi, ajipime kwa mwaka mbaya mzima.

Na kuna kalenda nyengine ambayo wafanyabiashara wapya huisahau. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Sasa inaelekea Januari, maana yake mfungo utaingia pale pale kwenye kilele cha wageni wa msimu wa kaskazi. Mwaka 2030 mfungo utaanza Januari, na mwengine mwishoni mwa Disemba. Mwenye mkahawa wa mchana mjini anapaswa kulihesabu hilo leo.

Kuhusu familia sina mengi, maana kila mtu anaijua yake. Itoshe kusema mshahara wa mtu mmoja hapa una mama, wadogo, na shemeji asiyekuwa na kazi. Anayeacha anaacha kwa niaba yao wote, na ni haki yao kuambiwa kabla. Wengi huficha kwa kuogopa hasadi, wakaishia kuaga nyumba kila asubuhi na shati la ofisi. Akiba ya uzeeni nayo isikatike: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, unapokea michango ya hiari ya waliojiajiri, na ninaowajua wanaochangia nawahesabu kwa vidole.

Jirani yangu aliipata ile kazi ya udereva, katika hoteli moja, kwa mkataba wa mwaka. Samaki hajawaacha, ila siku hizi hawapeleki Nungwi. Anawapelekea wakaangaji wa Mwanakwerekwe na Kwa Haji Tumbo, watu ambao masika kwao ni mvua tu. Faida ni ndogo, tenga moja kwa siku. Juzi nilimuuliza ataiacha lini na hii. Akacheka, akaniambia mvua zikianza nimuulize tena.