Kompyuta Mpya, Foleni Ileile

Jumatatu asubuhi, dada anayechapa kwenye stesheneri moja pale Mwanga, Kigoma mjini, aliwasha kompyuta yake akabaki anaitazama. Jumamosi jioni fundi alikuwa ameifuta Windows na kuweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, yenye dekstopu ya GNOME, yaani mpangilio wa kioo, menyu na madirisha. Kioo kilikuwa kitupu. Hakuna aikoni hata moja, wala kile kitufe cha chini kushoto ambacho mkono wake ulikuwa umekwenda kukitafuta kabla hajawaza. Akahangaika na mausi, ikagonga pembe ya juu kushoto, na kila kilichokuwa wazi kikasinyaa mara moja. Akanipigia simu: "Kaka, hii kitu imejikunja yote. Nimeharibu nini?"

Hakuwa ameharibu chochote. GNOME iko hivyo tangu toleo lake la 3 la mwaka 2011: pembe ile ndiyo mlango wa kuingilia kwenye programu. Ila hakuna aliyemwambia.

Siku ile fundi na mwenye duka walibishana hadi mchana. Wote wawili ninawafahamu, na wote wawili walikuwa na hoja.

Hoja ya fundi ilikuwa nyepesi kuieleza. Windows 10 iliacha kupewa sasisho za usalama za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali kuwekwa kwa njia rasmi kwenye kila mashine. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa mashine chache, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta za duka lile ni mitumba ya kizazi cha 4, madude mazito ya ofisini yasiyo na kosa lolote isipokuwa umri. Tena hata hiyo Windows iliyofutwa ilikuwa ya kukraki, jambo ambalo mwenye duka alilisema kwa sauti ya chini kidogo. Linux haina leseni ya kulipia na kizazi cha 4 inakimudu.

Kuna faida nyingine ambayo fundi aliitaja mara moja akapita, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Ni fleshi. Stesheneri ni kijiwe cha fleshi za mji mzima: ya shule, ya kanisa, ya kikundi cha kukopeshana, ya mwanafunzi wa chuo. Ikiingia moja yenye virusi, folda za mteja zinageuka shotikati, faili zake zinafichwa, na yeye anaamini kazi ya muhula mzima imepotea. Kirusi kile kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux hakiamki, na zile faili zilizofichwa zinaonekana palepale kama kawaida. Wiki ya kwanza tu, mashine ile iliokoa mitihani ya mwalimu mmoja aliyekuwa tayari amekata tamaa. Hilo nimelishuhudia mwenyewe.

Lakini mwalimu wa pili hakuwa na bahati hiyo. Alitoka Mwamgongo, kijiji cha ufukweni kaskazini ya Gombe, akachapiwa ripoti, ikawekwa kwenye fleshi, akaichomoa akaondoka kuwahi boti Kibirizi. Alipofika kwao faili lilikuwepo kwa jina tu. Ndani hamna kitu. Linux mara nyingi hukusanya data kwenye kumbukumbu kwanza na kuiandika kwenye fleshi baadaye kidogo, kwa hiyo mtu anatakiwa abonyeze alama ya kuitoa na kungoja ruhusa. Windows 10, tangu 2018, imepangwa hivi kwamba ukimaliza kunakili unaweza kuchomoa bila kuaga. Dada wa watu alifanya alichofanya kila siku, na safari hii mkono uliozoea ukamponza. Huwezi kumwita mvivu wa kujifunza. Mashine haikulalamika wala haikuonyesha kosa, na lawama ilirudi siku tatu baadaye ikiwa na nauli ya boti ndani yake.

Hapo ndipo watu wa Linux (na mimi nimo, nimeitumia miaka) tunapokosea mahesabu. Tunahesabu bei ya programu, tunasahau bei ya mkono. Dada huyu hakusomea kompyuta. Alikaa miezi mitatu kando ya mwenzake akiangalia, na alichokishika ni mahali. Kusevu ni kale kadude ka diskiti juu kushoto, ingawa diskiti yenyewe hajawahi kuiona. Kuweka barua kando ni kale kamstari karibu na alama ya X. Ujuzi huo haumo kwenye cheti, lakini ndio unaomaliza foleni saa nne asubuhi. Sasa GNOME halisi, ile isiyoongezewa kitu, haina kale kamstari. Kuna X peke yake. Mwenye barua nne za wateja wanne, anayeruka kutoka hii kwenda ile, akiikosa njia ya kuishusha moja anaifunga, halafu anaanza kuitafuta upya ilikokuwa. Na akienda kuitafuta, hakuna C, hakuna D, zile herufi za diski alizozoea kwenye Windows. Watengenezaji wana sababu zao, na nikiwa peke yangu mezani nazielewa: madirisha yasirundikane, mtu ashughulike na jambo moja. Stesheneri haijawahi kuwa na jambo moja.

Nyaraka nazo zina safari. Barua ikichapwa kwa Calibri kwenye ofisi ya kata, ikafunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, ambayo haina fonti hiyo wala mbadala wake uitwao Carlito, mistari inasukumana na sahihi ya mtendaji inahamia ukurasa wa pili. Dawa yake ni dakika tano za kuweka fonti, ila lazima awepo anayejua kuwa hiyo ndiyo dawa. Kwa kadi za michango ya harusi zilizotengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi, sina jibu zuri. LibreOffice inaweza kuzifungua, ila maua yanakwenda kwao na majina ya kamati yanakwenda kwao.

Wapo wanaosema tatizo ni lugha, tuwekewe menyu za Kiswahili mambo yaishe. Kazi hiyo ilishaanza zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Naiheshimu sana kazi ile, na mtoto anayegusa mausi leo kwa mara ya kwanza angefaidika nayo. Kwa anayehama ni hadithi nyingine. Huyu dada neno la Kiingereza halisomi. Analitambua kwa umbo, kama unavyotambua mlango wa jirani. Ukimbadilishia "Save" kuwa "Hifadhi" unakuwa umempaka rangi mlango huo usiku.

Mwenye duka kwa upande wake alitaka tu arudishiwe alichozoea. Ningemuunga mkono kama kilichozoeleka kingekuwa kinatulia. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha Start kabisa, watu wakapiga kelele, kikarudi mwaka uliofuata na menyu yake ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Windows 11 imekihamishia katikati. Nyuma ya hapo, Office 2007 ilifuta menyu za juu kwenye Word na Excel na kuweka utepe wa vitufe. Kila mara wachapaji walijifunza upya, hawakuulizwa, na walilipia. Tofauti ni kwamba mabadiliko yale yaliwafikia wote pamoja, kwa hiyo duka la jirani nalo lilikuwa na mtu anayeuliza swali lilelile. Ukiwa peke yako Mwanga nzima na GNOME, wa kumuuliza ni fundi, na fundi yuko Kasulu.

Ndiyo maana sikubali kwamba fundi alikosea kuchagua Linux. Alikosea kuchagua dekstopu aipendayo yeye. Kwa bei hiyohiyo ya bure angeweza kuweka Linux Mint yenye dekstopu ya Cinnamon, ambayo menyu iko chini kushoto, kamstari kapo, na ambayo ilizaliwa kwa sehemu kubwa kwa sababu watu waliikataa GNOME 3. Alikosea pia kufuta kila kitu Jumamosi jioni wakati Jumatatu kuna foleni.

Mwishowe waligawana. Mashine ya mbele ina Mint na inafanya kazi za mtandaoni: maombi ya mkopo wa HESLB, Ajira Portal, matokeo ya NECTA. Huko kivinjari ni kilekile, na dada alikishika siku hiyohiyo. Kila fleshi inaanzia hapo. Ya nyuma imerudishiwa Windows 10, imekatwa intaneti, inachapa barua na kadi. Mpango huu una kiraka kinachoonekana: Microsoft imetangaza kuachana na Publisher Oktoba 2026. Nilipomweleza, dada aliuliza, "Sasa kadi za harusi za Desemba tutazifanyia wapi?" Fundi alisema atamfundisha Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Hajaja bado.