Faini ya Kichala

Lavaux, Uswisi, mlima umesimama wima juu ya Ziwa Leman, na mizabibu imepandwa ngazi kwa ngazi juu ya kuta za mawe. Kazi hiyo waliianza watawa wa Kisistersia, shirika la Kikatoliki, karne ya 12, na mwaka 2007 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia. Wenyeji hujisifu kwamba zabibu zao zinaiva kwa majua matatu: la angani, linalorudishwa na maji ya ziwa, na joto linalotunzwa na mawe. Mimi siku ile niliwaka na la nne, la wivu.

Jirani yetu alitualika, mimi na mke wangu, tukavune kwa baba yake. Mvinyo situmii, ila chakula cha wavunaji nilishakisikia sifa zake. Tulipopewa mikasi na ndoo, mzee mwenye shamba, masharubu yamefunika mdomo, akatukumbusha mila: mwanamke akisahau kichala mtini, anayekiona anamtoza busu.

Nikageuka kumtazama mke wangu. Mtu anayesahau funguo mlangoni, na maharage jikoni mpaka jirani abishe hodi!

"Mama Salma, angalia vizuri."

"Nivune au niangalie?"

Basi nikaacha mstari wangu, nikamfuata nyuma, napekua kila jani alikopita. Zabibu za huko, aina ya Chasselas, ni za kijani kinachoelekea dhahabu, zinajificha hasa. Na alikuwa ameziacha! Mzee akipita, namwinulia ndoo: hakuna kitu hapa, baba, endelea.

Kichala kimoja kilining'inia nje ya ukuta mfupi. Nikajinyoosha, mguu ukateleza, nikatua kitako kwenye kreti iliyojaa, juu ya kitoroli cha reli moja kinachoteremsha mavuno. Dereva, masikio yamejaa ngurumo ya injini, akajua mzigo umetimia. Akaondoa.

Kingekwenda mbio ningeshukuru. Kilishuka polepole, ngazi baada ya ngazi, kila mvunaji akapata nafasi ya kuinuka, kunitazama na kutoa simu. Mimi nimekumbatia ndoo, maji ya zabibu yananichuruzika hadi kwenye soksi.

Chini nikamkuta mzee, vichala vimemjaa mikononi. Vya mstari wangu.

Nikamweleza kwamba mila inasema mwanamke. Kutoka juu mke wangu akapaza sauti, kwa Kifaransa ili asikose mtu: "Na yeye atozwe!"

Sasa, Uswisi busu la shavuni huwa matatu kwa mpigo. Mzee akafuta masharubu, akaanza kuhesabu vichala.