Elektroni nayo huanguka

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Nairobi akikokotoa njia ya elektroni katika neli ya kathodi (neli isiyo na hewa inayorusha elektroni kwenye skrini), huambiwa apuuze mvutano wa dunia. Akiuliza sababu, mara nyingi hujibiwa kwamba elektroni ni nyepesi mno. Agizo ni sahihi. Jibu ndilo lenye walakini.

Tuanze na agizo. Elektroni iliyosukumwa na volti 1,000 hukimbia karibu kilomita 19,000 kwa sekunde. Ikivuka neli ya sentimita 20, hushuka umbali usiofikia hata upana wa protoni moja. Hapa kwetu, mvutano huongeza kasi ya kitu kinachoanguka kwa mita 9.78 kila sekunde (wengi tunaandika 10, na mtihani hauoni haya), lakini hata ungekuwa mara mia ya huo, skrini isingeonyesha lolote. Isitoshe, umeme huumeza mvutano. Mwaka 1967, wanafizikia Witteborn na Fairbank walijaribu kupima elektroni zikianguka ndani ya neli ya shaba, wasione zikianguka. Walieleza kwamba elektroni za shaba yenyewe zilikuwa zimevutwa chini kidogo, zikazua uga wa umeme uliofuta uzito wa zile zilizokuwa zikipimwa. Mvutano ulijificha kwa kazi yake wenyewe!

Kwa hiyo wepesi si hoja. Pasipo hewa, kitu chepesi na kizito huanguka sawa. Elektroni ya kwenye neli hukosa muda tu.

Nyutroni, chembe za kwenye kiini cha atomu, zinaonyesha hilo vizuri, kwa kuwa hazina chaji na zinaweza kupunguzwa mwendo sana. Nyutroni ya mita 5 kwa sekunde ikielekea juu hufika mita 1.3 hivi, kisha hurudi. Maabara ya Los Alamos, Marekani, huzifungia katika chombo kisicho na kifuniko: sumaku huzikinga chini na pembeni, na juu huzuiwa na uzito wake. Ndivyo walivyopima wastani wa uhai wake kabla ya kuvunjika, takriban sekunde 878. Kule Grenoble, Ufaransa, matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba nyutroni zinazodundadunda juu ya kioo hazikai kimo chochote tu. Ngazi ya chini kabisa ni mikromita 14 hivi. Hapo mvutano ndio unaopanga ngazi za kikwanta, yaani vimo maalumu pekee vinavyoruhusiwa. Na mwaka 2023, maabara ya CERN huko Ulaya walitangaza kwamba antihaidrojeni, yaani haidrojeni ya antimata, nayo huanguka chini.

Mwalimu atasema kipindi ni dakika 40 na silabasi haimsubiri mtu. Namwelewa, na sidai aingize nyutroni za Grenoble darasani. Ila ningependa kupuuza kuje baada ya hesabu, si kabla yake: ampe mwanafunzi kasi na urefu wa neli, akokotoe elektroni imeshuka kiasi gani, kisha aamue mwenyewe kama inafaa kuhesabiwa. Ni mistari miwili ya kazi, na fomula zake alizisoma kidato cha tatu.