Carol Loomis na Buffett: urafiki ulimharibia kazi au ulimjenga?

Wafuatiliaji wa habari za biashara wana ubishi mmoja usioisha, mwandishi akiwa rafiki wa tajiri anayemwandika tumwamini bado? Mimi hapo akili inaenda moja kwa moja kwa Carol Loomis, mama wa Missouri aliyeingia jarida la Fortune kule Marekani 1954 kama mtafiti, maana enzi hizo pale wanaume ndo walikuwa wanaandika na wanawake wanawatafutia taarifa, na akastaafu 2014. Miaka 60 jarida moja!

1966 aliandika makala kuhusu Alfred Winslow Jones, yule wa mfuko wa uwekezaji uliokuwa unanunua hisa za kampuni nzuri na papo hapo unakopa hisa za kampuni mbovu na kuziuza ili bei ikishuka upate faida, na makala ile ndo ilifanya watu wengi wajue hejifandi, yaani mfuko wa namna hiyo, ni nini. Humo ndani akamtaja na Warren Buffett, mwekezaji wa mji wa Omaha, jina likatoka limekosewa, t moja. Baadae wakawa marafiki wa kweli, akawa na hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya Buffett, na tangu 1977 akawa anamhariria Buffett barua yake ya kila mwaka kwa wanahisa, bila malipo.

Wanaompinga wanashika hapohapo na wana hoja. Ni kweli alikuwa anawaambia wasomaji kwamba ni rafiki yake na ana hisa zake, ila kutaja mgongano wa maslahi sio kuuondoa, lile swali gumu ambalo hukumuuliza rafiki yako msomaji halioni popote. Upande wa pili watakukumbusha Juni 2006, Buffett alivyoamua kugawa sehemu kubwa ya utajiri wake habari ilianzia kwa Loomis, nani mwingine angeambiwa?

Mimi hiyo ya 2006 hainishawishi sana, kupewa habari na rafiki sio kuichimba. Kinachonishawishi ni kumbukumbu yake. Angalia Novemba 1999, watu wamelewa hisa za intaneti, Fortune inatoa makala aliyoitengeneza kutokana na hotuba za Buffett, inasema mwisho wa 1964 Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilikuwa 874.12 na mwisho wa 1981 ikawa 875.00, yaani miaka 17 hakuna kitu, wakati uchumi wa nchi umekua mara kadhaa, kwa sababu riba ya hati fungani za serikali ilipanda kutoka kama asilimia 4 hadi zaidi ya 13, na riba ikipanda hisa zinapungua thamani. Hesabu ni za Buffett, sawa, lakini mhariri wake miaka hiyo 17 yote alikuwa kazini analiandika soko hilohilo, aliyeanza kazi 1995 zingempita kama namba tu. Machi 2000 soko likaanza kuporomoka.

Kwa hiyo kuhusu Berkshire nakubaliana na wapinzani kabisa, angeachiwa mwingine. Lakini kumfuta mama huyu mzima kwa ajili ya Buffett ni kumwonea, kwa sababu Machi 1994 aliandika kirefu kuhusu hatari ya derivativu, mikataba ambayo thamani yake inabebwa na riba au sarafu au bei ya kitu kingine, na Desemba hiyohiyo kaunti ya Orange kule California ikafilisika kwa kamari za riba, halafu 2008 serikali ikalazimika kuikopesha AIG, kampuni ya bima iliyozama kwa derivativu, dola bilioni 85 kwa kuanzia. Makala ile haikuhitaji urafiki na mtu yeyote.