Je, mlio wa gizani unatosha kuunda jenasi? Kesi ya teleka mdogo wa Ufilipino

Ndege aina ya teleka aliye mdogo kuliko wote duniani yuko Ufilipino, na hapatikani kwingine. Kisayansi anaitwa Collocalia troglodytes, jina alilopewa na G. R. Gray mwaka 1845. Urefu wake ni sentimita 9 na uzito wake ni gramu 5 na ushee. Teleka mwenye kiuno cheupe anayejenga chini ya madaraja na mapaa ya majengo huku Afrika Mashariki, Apus affinis, hufika gramu 25 hivi, na huyo naye huhesabiwa miongoni mwa wadogo.

Hata hivyo kilichompa umaarufu troglodytes kwa wataalamu wa uainishaji ni sauti yake. Mwaka 2004 ulitolewa ushahidi kwamba anaweza kujiongoza gizani kwa mwangwi wa mlio wake mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 uwezo huo ulikuwa ndio mpaka kati ya jenasi mbili (makundi ya spishi zenye nasaba ya karibu) za teleka wa mapangoni, Aerodramus wenye uwezo huo na Collocalia wasio nao, naye alikuwa upande ambao haukutakiwa kuwa nao. Tangu hapo swali limebaki mezani: jenasi mbili ziendelee, au zirudishwe kuwa moja? Kwa maoni yangu mgawanyo ni sahihi, ila sababu iliyotolewa kuutetea ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Wanaotaka jenasi moja nao wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa.

Tumtazame kwanza ndege mwenyewe. Mgongo ni mweusi wenye mng'ao hafifu, utepe mwembamba mweupe unakata kiuno, koo na kifua ni vya kijivu cha kuelekea kahawia, na tumbo lina weupe. Huruka kwa vikundi juu ya misitu ya nyanda za chini na za kati, juu ya mashamba yaliyofyekwa na juu ya mito, akinasa wadudu hewani. Kumtambua kuna kero yake: utepe uko mgongoni, na mtazamaji yuko chini. Tena katika visiwa hivyohivyo yupo Collocalia marginata, ambaye kiuno chake hakina utepe safi namna hiyo, lakini akiwa juu angani huwezi kuwatofautisha kwa kukadiria ukubwa tu. Anayetaka uhakika hutafuta daraja au ukingo wa bonde ili ndege wapite chini ya macho yake, au husubiri wapinde kona na kuonyesha mgongo. Rekodi ya "teleka mdogo mweusi" ambaye mgongo wake haukuonekana iandikwe Collocalia na kuishia hapo.

Teleka wa mapangoni kwa jumla ni spishi zaidi ya 30, zilizoenea kutoka Bahari ya Hindi hadi visiwa vya Pasifiki. Wa magharibi kabisa ni majirani zetu: Aerodramus elaphrus wa Mahé, Praslin na La Digue katika Shelisheli, na A. francicus wa Morisi na Réunion. Kwa muda mrefu karibu wote walikusanywa chini ya Collocalia, jina lililoanzishwa na Gray mwaka 1840. Harry Oberholser alipendekeza Aerodramus mwaka 1906, lakini halikushika. Ugumu wake anaujua yeyote aliyewahi kufungua droo ya ngozi za ndege hawa kwenye makumbusho: wengi ni kahawia-kijivu, mabawa yanapishana kwa milimita chache, na alama za kushikilia ni za kutafuta kwa tochi.

Mwaka 1959 Lord Medway na Alvin Novick, kila mmoja katika kazi yake, walieleza kwamba baadhi ya teleka hao huruka katika giza totoro kwa kusikiliza mwangwi. Hapo ndipo Richard Brooke, mtaalamu wa ndege wa kusini mwa Afrika, alipoupata mpaka aliokuwa akiutafuta. Katika maandiko yake ya 1970 na 1972 aliwagawa hivi: wenye mlio na manyoya yasiyong'aa wakawa Aerodramus, wenye mng'ao na wasio na mlio wakabaki Collocalia, na yule mkubwa anayejenga nyuma ya maporomoko ya maji, asiye na mlio wala mng'ao, akapewa jenasi ya peke yake, Hydrochous. Medway na Pye waliunga mkono mwaka 1977. Mwaka 1996 Patricia Lee na wenzake walisoma jeni ya saitokromu b na kukuta wapiga mlio wote waliowapima wamekaa kwenye tawi moja. Ilionekana kesi imekwisha.

Mlio wenyewe ni tofauti na wa popo. Popo wengi hutumia sauti za juu ya kilohezi 20, ambazo sikio la binadamu halizipati. Nguvu kubwa ya mlio wa teleka iko chini ya kilohezi 10, kwa hiyo kinasa sauti cha kawaida kinatosha. Spishi nyingi hutoa jozi, tak-tak, zenye pengo fupi kiasi kwamba sisi tunasikia pigo moja kavu. Mfululizo wake ni kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana, na hukazana kadiri giza linavyozidi au kizuizi kinavyokaribia. Katika majaribio ya gizani, vijiti vya unene wa milimita 6 hivi vilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wao. Mbu na nzi wadogo ni wembamba kuliko hivyo, ndiyo maana mlio huu huchukuliwa kuwa wa kutafutia njia na kiota, na kuwinda kunaachiwa macho.

Pigo hutengenezwa kwenye sirinksi, kisanduku cha sauti kilichopo pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda mapafuni. Misuli hukifunga na kukifungua kwa kasi huku hewa ikipita. Kiungo hicho wanacho hata teleka wasiopiga mlio wowote wa mwangwi. Hakuna kiungo kipya kilichoongezwa, kuna matumizi mapya ya kiungo cha zamani. Hilo peke yake lingetosha kumtia mashaka mtu anayetaka kujenga jenasi juu ya mlio.

Ndipo Jordan Price, Kevin Johnson na Dale Clayton walipochapisha ushahidi wa 2004. Troglodytes anapiga mlio wa mwangwi, na vinasaba vyake vinamweka pamoja na Collocalia, jirani wa C. esculenta.

Wanaotaka jenasi moja huanzia hapa. Sifa iliyotumika kuchora mpaka sasa iko pande zote mbili, wanasema, basi mpaka umefutika. Tabia hupatikana na kupotea, na kwa spishi kadhaa hakuna aliyewahi kuipima kikamilifu. Zaidi ya hayo, jenasi inapaswa kumsaidia mtu aliyeshika ndege mkononi, na ndege aliyeshikwa mchana hapigi mlio. Hoja hii ya mwisho naiona nzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomgusa anayefanya kazi na wavu na rula.

Upande wa pili hujibu kwamba jenasi hufuata nasaba, na nasaba haikuvunjika. Ukiuondoa mlio kabisa na kuangalia vinasaba tu, Aerodramus wanabaki kundi lao, na Collocalia, pamoja na troglodytes, wanabaki lao. Mng'ao wa manyoya nao unafuata mstari huohuo. Kilichoanguka ni ufunguo wa kutambulia. Nyumba yenyewe bado imesimama.

Kinachobishaniwa zaidi ni namna mlio ulivyotokea, na hapa hesabu ni fupi. Chukua kwanza kwamba Hydrochous ni ndugu wa karibu wa Aerodramus. Mlio ukizuka mara mbili, kwa Aerodramus na kwa troglodytes, ni mabadiliko mawili. Ukizuka mara moja kwa babu wa wote, inabidi upotee mara mbili, kwa Hydrochous na kwa Collocalia wengine, jumla mabadiliko matatu. Sasa mweke Hydrochous nje ya makundi yote mawili: kuzuka mara mbili ni mabadiliko mawili, na kuzuka mara moja na kupotea mara moja ni mawili pia. Sare. Anayekuambia kwamba idadi ya hatua imemaliza ubishi hajauchora mti huo wa nasaba kwa mkono wake. Kisha hatua hizo hazina bei moja. Kuacha mlio ni rahisi kwa ndege anayejenga kwenye mwanga wa mlango wa pango, au nyuma ya maporomoko yanayonguruma ambako mwangwi haufai kitu. Kuupata upya ni kazi zaidi, ingawa sirinksi iko tayari. Mimi naegemea kuzuka mara moja na kupotea, lakini siwezi kumlaumu anayeegemea kwingine.

Ushahidi wa pango nao una mitego yake. Mapango ya Ufilipino huwa na spishi mchanganyiko, hivyo tak-tak iliyonaswa ndani inaweza kuwa ya Aerodramus anayepita jirani. Njia salama ni kumnasa ndege kwa wavu mlangoni, kumpima, kuthibitisha spishi, kisha kumwachia peke yake katika chumba cha giza kamili huku kinasa sauti kikifanya kazi. Ufa mdogo wa mwanga unatosha kuharibu jaribio, maana teleka akiona huweza kunyamaza, na ukimya wake ukaandikwa kuwa hana uwezo. Kwa hiyo "hapigi mlio" inahitaji uthibitisho mwingi kuliko "anapiga", na katika orodha nyingi za zamani maneno hayo mawili yamepewa uzito sawa.

Upande wa vinasaba, jeni moja ya mitokondria, kama hiyo saitokromu b, ni historia ya mstari wa mama tu. Isitoshe, vipande vya jeni hiyo vilivyohamia ndani ya kiini cha seli huweza kusomwa kimakosa kana kwamba ndiyo yenyewe, na mti ukaelekea pasipo.

Athari ya majina haiishii maabara. Jenasi hizo mbili zikiunganishwa, kanuni ya kutangulia huipa ushindi Collocalia ya 1840 dhidi ya Aerodramus ya 1906, na spishi mbili zenye biashara kubwa, A. fuciphagus wa kiota cheupe cha mate na A. maximus wa kiota cheusi chenye manyoya, zitabadilisha jina tena. Mwaka 1994, mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) uliofanyika Fort Lauderdale, Marekani, ulipopitisha azimio kuhusu teleka wa viota vinavyoliwa, jenasi iliyotajwa ilikuwa Collocalia. Orodha kuu za ndege leo zinatumia Aerodramus. Ofisa wa forodha anayelinganisha hati hizo mbili anahitaji kuambiwa kwamba ni ndege walewale.

Kwa troglodytes mwenyewe sioni mabadiliko ya jina karibuni: yeye ni Collocalia kwa mpangilio wowote kati ya hiyo miwili. Mwenye wasiwasi ni Hydrochous. Baadhi ya vipimo vya vinasaba vimemweka karibu na Aerodramus, na ikiwa siku moja vitamweka ndani yake kabisa, jina la 1970 litalazimika kulipisha lile la 1906. Jenasi iliyotangazwa kuwa ya wapiga mlio itakuwa na mkazi asiyepiga, na troglodytes atakuwa akipiga nje yake.